Shangazi Alipopuuzwa Katika Makao ya Wazee: Tuliyojifunza Kuhusu Sheria Minnesota

Waafrika Mashariki tunaoishi Minnesota, hasa katika miji ya Brooklyn Park na Brooklyn Center, wengi wetu tunayajua makao ya wazee kwa upande wa kazi. Tumeingia humo na sare, tumewaogesha wazee wa watu, tumewalisha, tumewabadilisha nepi usiku wa manane, na mishahara hiyo ndiyo iliyowasomesha wadogo zetu nyumbani. Mimi pia ni msaidizi wa wauguzi, kazi ambayo sheria ya serikali kuu ya Marekani inamtaka mtu awe na mafunzo ya saa zisizopungua 75 ili atambuliwe rasmi. Mwishoni mwa mwaka 2022 nilijikuta upande wa pili, nikiwa jamaa wa mgonjwa, nimekaa kwenye kiti cha wageni nikisubiri mtu aitikie kengele.

Mgonjwa alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, mzaliwa wa Wundanyi, aliyenilea baada ya wazazi wangu kufariki na aliyenitangulia kufika Marekani. Alikuwa amefanya kazi ya kufua shuka za hospitali kwa miaka mingi, na kwa hiyo alikuwa na bima ya Medicare, ile ya serikali kuu kwa wazee. Kiharusi kilimlegeza upande wa kulia na kumwondolea Kiingereza karibu chote, ingawa Kiswahili na Kitaita vilibaki, kwa maneno mafupi lakini yanayoeleweka. Hospitali ilimpeleka katika makao ya wazee yenye huduma ya mazoezi ya viungo, ambako Medicare humlipia anayestahili hadi siku 100, zile 20 za kwanza bila yeye kuchangia chochote.

Siku ya kumpokea, ofisa wa mapokezi alimshikisha tableti ili atie saini kwa kidole cha mkono wa kushoto, ukurasa baada ya ukurasa. Niliomba nakala ya kila kilichotiwa saini, nikaenda kukisoma nyumbani, na ndani yake nikakuta mkataba unaosema kwamba mgogoro wowote utapelekwa kwa msuluhishi binafsi badala ya mahakamani. Mikataba ya namna hii ina historia ndefu ya mvutano. Mwaka 2016 serikali kuu ilitunga kanuni ya kuipiga marufuku pale inapotiwa saini kabla ya mgogoro kutokea, wenye makao wakakimbilia mahakama ya shirikisho huko Mississippi na kuizuia, na mwaka 2019 ikatoka kanuni ya katikati inayotumika hadi leo: mkataba unaruhusiwa, lakini makao hayawezi kuufanya kuwa sharti la kumpokea mgonjwa, lazima uelezwe kwa lugha anayoielewa, na aliyeutia saini ana siku 30 za kuuvunja. Shangazi hakuwa ameelezwa kwa lugha yoyote. Tuliandika barua ya mistari michache ya kuuvunja, akaiwekea alama yake, nami nikaipeleka ofisini na kuomba nakala yangu igongwe muhuri wa tarehe ya kupokelewa. Nasisitiza muhuri huo kwa sababu karatasi isiyo na tarehe ya kupokelewa ni rahisi sana kupotea katika ofisi ya mtu mwingine.

Katika kurasa hizo hizo kulikuwa na nafasi ya saini ya mtu atakayebeba gharama endapo bima itakataa. Sheria ya mwaka 1987 ya kurekebisha makao ya wazee, ile iliyotiwa saini na Rais Ronald Reagan, inayakataza makao yanayopokea fedha za Medicare au za Medicaid, bima ya serikali kwa wasio na uwezo, kumtaka jamaa awe mdhamini wa malipo kutoka mfukoni mwake. Nilitia saini kama mwakilishi wa mgonjwa tu, nikaandika hivyo kwa mkono pembeni ya jina langu.

Suala la uwakilishi lilihitaji kazi zaidi. Kwetu mtoto wa kaka ni mtoto, wala hakuna anayeuliza cheti. Sheria ya hapa haimtambui hivyo. Mwana wa kuzaa wa Shangazi yuko Voi, na kwa macho ya ofisi za Minnesota yeye ndiye jamaa wa karibu hata kama hajawahi kukanyaga theluji, ilhali mimi ninayemlisha Shangazi uji kila jioni ni mgeni mwenye huruma. Dawa ya hilo ni hati mbili tofauti, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ya maamuzi ya matibabu, ambayo Minnesota inakubali ishuhudiwe na mthibitishaji wa saini au na mashahidi wawili. Hiyo ndiyo iliyonipa haki ya kusoma mafaili yake. Ya pili ni ya mambo ya mali na madai, na fomu ya kisheria ya Minnesota ina orodha ya mamlaka ambayo mtu huchagua, mojawapo ikiwa ni mamlaka juu ya madai na kesi. Bila alama katika mstari huo, mwakilishi anaweza kulipa bili ya umeme lakini hawezi kumwajiri wakili kwa niaba ya mgonjwa. Tulimwomba daktari aandike kwamba Shangazi anaelewa anachoambiwa ingawa anazungumza kwa shida, tukamleta mthibitishaji na mkalimani wa Kiswahili hadi kitandani, na mwanawe wa Voi akatuma barua ya kuridhia ili baadaye pasiwe na maneno katika ukoo. Kila familia yenye mzee huku ingefaa ifanye hivyo mzee akiwa bado na akili timamu, kwa sababu ikichelewa, njia inayobaki ni kuiomba mahakama imteue mlezi wa kisheria, na hiyo ni gharama na miezi.

Kidonda niliking'amua kwa harufu kabla ya kukiona. Ilikuwa majira ya baridi, Shangazi alikuwa amekataa chakula kwa muda, na nilipomgeuza ili nimbadilishe mwenyewe, kwa kuwa kengele ilikuwa haijibiwi, niliona chini ya mgongo, juu kidogo ya makalio, shimo ambalo kingo zake zilikuwa nyeusi na ndani yake mlikuwa na ute wa manjano. Vidonda vya kulalia hupimwa kwa hatua nne. Hatua ya kwanza ni wekundu usiofifia ukibonyezwa, na ya nne ni pale nyama inapoliwa hadi kufikia msuli au mfupa. Kidonda hakifiki pale usiku mmoja. Nilipiga picha pamoja na rula ya karatasi ya kupimia vidonda, nikaandika tarehe na saa, nikamwita muuguzi wa zamu na kudai apelekwe hospitali, naye akapelekwa usiku huo huo.

Kanuni za serikali kuu zinasema kwamba mkaaji aliyeingia bila kidonda cha namna hiyo hapaswi kukipata humo isipokuwa hali yake ya kiafya ionyeshe kwamba hakikuepukika. Kwa sababu hiyo karatasi iliyotusaidia kuliko zote ilikuwa ile ambayo hakuna aliyeijali wakati inaandikwa: ripoti ya hospitali ya kumruhusu kutoka, iliyosema kwamba ngozi yake ni nzima mwili wote.

Mafaili ya makao niliyaomba kesho yake asubuhi, kabla ya kulalamika popote. Mkaaji au mwakilishi wake ana haki ya kuonyeshwa mafaili ndani ya saa 24, bila kuhesabu wikendi na sikukuu, na kupewa nakala baada ya kutoa taarifa ya siku mbili za kazi. Niliomba tathmini ya siku za kwanza, mpango wa huduma, maandishi ya wauguzi, vipimo vya uzito, orodha ya dawa, na jedwali la kumgeuza mgonjwa. Jedwali hilo lilionyesha kwamba Shangazi alikuwa akigeuzwa kila baada ya saa mbili bila kukosa, na kila kisanduku kilikuwa na herufi za mtu. Visanduku vya usiku aliokuwa hospitalini navyo vilikuwa vimejazwa: saa nane, saa kumi, saa kumi na mbili alfajiri, amegeuzwa upande wa kushoto, amegeuzwa upande wa kulia, wakati amelala katika jengo lingine maili kadhaa kutoka hapo. Nilimwonyesha wakili ukurasa huo baadaye, akauangalia kwa muda mrefu kisha akaniomba nimwachie nakala iliyo safi zaidi.

Kuhusu mahali pa kulalamika, nilikuwa na faida ya kujua ofisi hizo kutokana na kazi, na hata hivyo ilinichukua muda kuelewa kwamba kila moja ina kazi yake na haziwezi kubadilishana. Ombudsmani wa huduma za muda mrefu, ambaye kila jimbo linaye kwa mujibu wa sheria ya Wamarekani wazee, ni mtetezi wa mkaaji. Hatozi ada, hatoi siri bila idhini, na huweza kuja kwenye kikao cha mpango wa huduma na kukaa upande wenu wa meza. Hana mamlaka ya kutoza faini. Kituo cha Minnesota cha kupokea taarifa za unyanyasaji wa watu wazima hupokea simu saa 24 kwa namba 844-880-1574, kisha huipeleka taarifa kwa ofisi yenye mamlaka ya uchunguzi, ambayo kwa makao ya wazee ni ile ya malalamiko ya vituo vya afya ndani ya Idara ya Afya ya jimbo. Polisi huitwa palipo na shaka ya jinai, kama kupigwa, kuingiliwa kimwili au kuibiwa, na katika hali hiyo simu ya 911 hutangulia nyingine zote. Mwanasheria Mkuu wa jimbo naye ana kitengo cha udanganyifu wa Medicaid ambacho pia hushughulikia unyanyasaji wa wagonjwa. Sisi tulianza na ombudsmani na namba ya taarifa, tukaacha polisi.

Hapo ndipo jamaa walipogawanyika, na naona ndiyo sehemu ambayo familia zetu zinahitaji kuifikiria zaidi. Binamu zangu walitaka mhudumu wa usiku, aliyejaza visanduku vile, afungwe. Nilimfahamu kwa sura: mama wa makamo kutoka Afrika Magharibi, aliyekuwa akifanya zamu mbili mfululizo na akiachiwa korido nzima peke yake. Kusema kweli kujaza jedwali la uongo ni kosa, na sikulitetea. Lakini nimefanya kazi katika korido kama ile, na najua kwamba mtu mmoja hawezi kuwageuza wagonjwa wa vitanda vyote hivyo kila saa mbili, hata akikimbia usiku kucha. Msimamizi anayepanga zamu anajua hivyo, na mwenye makao anayepanga bajeti anajua zaidi. Sheria ya 1987 inataka wafanyakazi wawe wa kutosha bila kutaja idadi kwa kila mgonjwa. Mwaka 2024 serikali kuu ilitoa kanuni ya saa 3.48 za huduma kwa kila mkaaji kwa siku, na mahakama ya shirikisho huko Texas ikaifuta mwezi Aprili 2025 kabla haijaanza kuuma.

Nilichokijua, na binamu zangu hawakukijua, ni kwamba sheria ya Minnesota ya kuwalinda watu wazima walio katika hatari inamtaka mchunguzi aamue kama aliyehusika ni mtu binafsi, ni kituo, au ni wote wawili, na katika kuamua hivyo apime mafunzo waliyopewa wafanyakazi, taratibu zilizokuwapo, na idadi ya wafanyakazi. Kwa hiyo malalamiko yanayosema tu "mhudumu fulani alimtelekeza shangazi yetu" humpeleka mchunguzi kwa mhudumu huyo, naye akikutwa na hatia kosa hilo huandikwa kwenye jina lake katika daftari la wasaidizi wa wauguzi na riziki yake hukatika, huku makao yakiajiri mwingine wa kumwachia korido ile ile. Tuliandika upya. Tulieleza kidonda, ripoti ya hospitali, na visanduku vya usiku ule, kisha tukaomba wachunguze ratiba za zamu za miezi hiyo, idadi ya wagonjwa kwa kila mhudumu, na nani aliyepokea taarifa za uzito kushuka bila kuchukua hatua. Hatukumtaja mhudumu kwa jina, ingawa herufi zake zilikuwamo katika jedwali na mchunguzi hakuhitaji msaada wetu kumpata.

Sheria inaweka siku 60 za kukamilisha uchunguzi. Barua ya uamuzi wa malalamiko yetu ilipita muda huo, ikitanguliwa na taarifa fupi ya kuomba radhi kwa kuchelewa. Uamuzi kwa kawaida huwa ama kosa limethibitishwa, ama taarifa si ya kweli, ama ushahidi hautoshi kuamua. Asiyeridhika huomba uamuzi upitiwe upya ndani ya siku 15 tangu apate barua. Kwetu ilisema kosa la kutelekeza limethibitishwa na kwamba mhusika ni kituo.

Wakati wote huo Shangazi alikuwa ametoka hospitalini na tulikuwa tunatafuta nafasi kwingine, na hofu ya ndugu ilikuwa moja: kwamba tukilalamika atarudishwa pale na kulipiziwa kisasi. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana sheria inakataza kisasi na kuchukulia kwamba hatua yoyote mbaya itakayofuata ndani ya siku 90 baada ya taarifa ni kisasi, mpaka makao yathibitishe vinginevyo. Makao hayawezi kumfukuza mkaaji kwa sababu tu jamaa zake ni wasumbufu. Sababu zinazokubalika zimetajwa kisheria, taarifa kwa kawaida ni ya siku 30, na rufaa inaruhusiwa. Tangu tarehe 1 Januari 2020 Minnesota inaruhusu pia kamera chumbani kwa idhini ya mkaaji na ya anayelala naye chumba kimoja, kwa fomu maalumu inayohusisha ofisi ya ombudsmani. Hatukufika huko.

Kesi ya madai ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi, na ndiyo ambayo watu huiwazia kwanza wakisikia habari ya sheria. Mawakili wa kwanza tuliowaendea walikataa kwa adabu. Mawakili hawa hawalipwi kwanza. Huchukua sehemu ya fidia, mara nyingi theluthi moja, na hutanguliza gharama za mashahidi wa kitaalamu, kwa hiyo mzee asiye na mshahara wa kupoteza, ambaye dhara lake ni maumivu tu, huonekana kuwa kesi isiyolipa. Minnesota inamtaka mlalamikaji katika kesi ya uzembe wa kitabibu atoe kiapo kwamba mtaalamu amepitia mafaili na kuona kuna msingi wa madai, kisha ndani ya siku 180 awataje wataalamu wake na watakachosema. Muda wa kufungua kesi ya namna hiyo ni miaka minne. Mgonjwa akifariki kwa sababu hiyo, madai ya kifo hufunguliwa na mdhamini aliyeteuliwa na mahakama, wala si na jamaa yeyote anayelia, na muda wake ni miaka mitatu tangu kifo. Wakili aliyekubali alikubali kwa sababu tatu alizozitaja waziwazi: ngozi nzima katika ripoti ya hospitali, usiku ule wa jedwali, na barua ya kuuvunja mkataba wa usuluhishi.

Majimbo mengine yana sheria zao, na ndugu walioko Dallas au Los Angeles wasijiongoze kwa habari zangu. Texas imeweka ukomo wa fidia ya maumivu kuwa dola 250,000 kwa kila taasisi ya afya, ilhali California ina sheria ya unyanyasaji wa wazee inayomwezesha mshindi kulipiwa wakili iwapo uzembe ulipita kiasi. Kwa makao yanayomilikiwa na serikali za mitaa, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwezi Juni 2023, katika kesi ya familia ya Talevski kutoka Indiana, kwamba haki za sheria ya 1987 zinaweza kudaiwa moja kwa moja katika mahakama za shirikisho. Uamuzi huo haukutuhusu, maana yetu yalikuwa makao ya kampuni binafsi.

Kuhusu fedha, nawaeleza wanaodhani fidia ni utajiri. Kabla ya Shangazi kuona senti, Medicare na Medicaid hurudishiwa walichotumia kutibu kidonda, kisha hutoka gharama za mashahidi na sehemu ya wakili. Kinachobaki nacho kina mtego wake, kwa sababu mzee anayelipiwa na Medicaid katika Minnesota haruhusiwi kuwa na akiba inayozidi dola 3,000, na fedha ikiingia kwenye akaunti yake bila mpango anaweza kupoteza malipo ya makao anamoishi. Tulimtafuta wakili mwingine, wa mambo ya wazee na mafao, kabla ya kutia saini chochote.

Kesi iliisha kwa makubaliano nje ya mahakama. Masharti yake yananizuia kutaja kiasi na jina la makao, na ndiyo maana hayamo humu. Ripoti ya uchunguzi wa jimbo haikuingia katika masharti hayo, wala isingeweza kuingia. Imewekwa katika tovuti ya Idara ya Afya, jina la mgonjwa limefichwa na la makao halijafichwa, na jamaa yeyote anayemtafutia mama yake kitanda anaweza kuisoma.